Mgonjwa Yuko Angani, Daktari Yuko Nyumbani Kwake

Hakuumwa kichwa, uso wake haukuvimba, na katika ukoo wao hapakuwa na mtu aliyewahi kuugua maradhi ya damu kuganda. Alikuwa na takriban miezi miwili katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, safarini kwa miezi sita, na siku hiyo alijipima shingo kwa altrasaundi kwa ajili ya utafiti tu. Wataalamu waliomwelekeza kutoka duniani walipotazama picha, waliona mshipa mkubwa wa kushoto, ule unaoteremsha damu kutoka kichwani, umezibwa na donge la damu.

Jina la mwanaanga huyo halijatangazwa, na hiyo ni haki yake. Madaktari walikichapisha kisa chake mwanzoni mwa 2020 katika New England Journal of Medicine. Kwangu mimi, kinatisha kuliko riwaya yoyote ya vijidudu kutoka sayari ngeni, kwa sababu ugonjwa wenyewe tunaufahamu. Kilichokuwa kigeni ni mahali ulipompata mgonjwa: kilomita 400 hivi juu ya ardhi.

Tukiwa tumesimama hapa duniani, damu ya kichwani huteremka kwa uzito wake. Angani mtu huelea, na maji ya mwili hupanda kifuani na kichwani hadi uso ukajaa na miguu ikakonda. Katika utafiti huohuo walipimwa wanaanga 11. Ilipofika kama siku ya 50, kwa 6 kati yao damu ya mshipa huo ilikuwa imetuama au inarudi ilikotoka. Damu ikituama huweza kuganda. Donge likikatika, huchukuliwa hadi kwenye moyo, likasukumwa mapafuni, na mtu anaweza kufa ghafla.

Stephan Moll, bingwa wa maradhi ya damu kuganda katika Chuo Kikuu cha North Carolina, aliombwa ushauri. Kituoni kulikuwa na vichupa 20 tu vya enoksaparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande, na mabomba ya sindano yalikuwa machache. Dawa ya kuzima nguvu yake, endapo mgonjwa angetokwa na damu, haikuwepo mwanzoni. Dozi zikapigiwa hesabu zisiishe kabla chombo cha mizigo hakijaleta vidonge. Baada ya siku 33 dozi ya kila siku ikapunguzwa.

Hata kuvuta dawa kwenye kichupa ilikuwa kazi. Muuguzi wa huku kwetu hukipindua kichupa, dawa ikashuka kwenye mdomo wake, naye akaivuta. Kule juu haishuki. Hung'ang'ania kuta za kichupa na kuchanganyika na mapovu ya hewa, na mgonjwa anajidunga mwenyewe huku anaelea. Alipotaka kuzungumza na daktari wake, alimpigia simu nyumbani kutoka angani.

Matibabu yalichukua zaidi ya siku 90. Donge lilipungua, lakini damu haikurudi kupita yenyewe mle mshipani muda wote aliokuwa angani. Aliacha vidonge siku 4 kabla ya kutua, na siku 10 baada ya kufika duniani donge lilikuwa limetoweka.

Aliokolewa na simu na chombo cha mizigo. Ingeshindikana, ingebaki njia ya kurudi: Novemba 1985 Wasovieti walimshusha mwanaanga Vladimir Vasyutin kutoka kituo cha anga cha Salyut 7 baada ya kuugua, safari ikakatizwa. Anayekwenda Mirihi hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Sauti yake itachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika duniani, na jibu litachukua muda kama huo kurudi. Kugeuza chombo njiani hakuwezekani kirahisi, na safari ya kwenda tu ni miezi sita au zaidi.

Na kujitenga hakuzuii maradhi, maana mengine tunayabeba. Virusi vya tetekuwanga hujificha mwilini maisha yote na huweza kuzuka tena kama mkanda wa jeshi. Kati ya wanaanga 23 wa kituoni waliopimwa, 14 walikutwa wakitoa virusi vya jamii hiyo, kwa kuwa msongo wa safari hudhoofisha kinga.

Wengi hujibu kwamba wapeleke daktari. Naafiki, ila mmoja hatoshi. Tarehe 30 Aprili 1961, siku 18 tu baada ya Yuri Gagarin kuwa mtu wa kwanza kuruka angani, Leonid Rogozov, daktari pekee wa kituo cha Novolazarevskaya huko Antaktika, alijipasua mwenyewe kidole tumbo kwa ganzi ya mahali pale tu. Alipona, lakini hakuna anayepaswa kupanga safari kwa kutegemea ushujaa wa namna hiyo.

Kisha kuna kabati la dawa. Mwaka 2024 watafiti walichunguza dawa zinazowekwa kituoni: kati ya 91 ambazo muda wake wa kutumika unajulikana, 54 huisha muda ndani ya miezi 36, na kwenda Mirihi na kurudi hukadiriwa kuwa miaka 3. Wanaopanga safari hiyo watuambie sasa ni dawa zipi zitatengenezwa humohumo chomboni, na nani atafunzwa kuzitengeneza.