Chemchemi ya moto si ya mtu mmoja

Mzazi, watoto wakigombea maji ya kuoga, wasimulie kisa cha Kinosaki, mji mdogo wa Japani wenye chemchemi za maji ya moto.

Zamani nyumba za wageni za hapo hazikuwa na maji hayo ndani. Mgeni alilala kwa mwenyeji wake, kisha akatembea kwenda kuoga kwenye bafu za umma. Njiani alinunua chakula na zawadi, hivyo hata mwenye duka dogo alipata riziki.

Mwaka 1925 tetemeko la ardhi na moto viliuteketeza mji. Wakijenga upya, mwaka 1927 nyumba moja ilitaka bafu lake la ndani. Majirani wakapinga: wenye mitaji wakijichimbia visima, nani atatoka nje kununua? Na chemchemi ikipungua, si itapungua kwa wote?

Kesi ilidumu hadi 1950, ikaisha kwa suluhu. Maji yakabaki mali ya pamoja. Bafu za ndani zikaruhusiwa, ila ziwe ndogo. Leo mji unajulikana kwa bafu zake 7 za umma, na mgeni anayelala katika nyumba za wageni hupewa pasi ya kuziingia.

Somo kwa familia: pangeni zamu mapema, kabla ndoo haijakauka.

Angalizo la afya: watoto wadogo, wajawazito na wenye shinikizo la damu wasikae muda mrefu kwenye maji ya moto. Pima joto la maji kwanza, ndipo umwogeshe mtoto.