Taa ya Baitulmali na Kompyuta za Ofisini

Imesimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (Allah amrehemu), aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, alikuwa akishughulikia mambo ya raia usiku kwa taa iliyotiwa mafuta ya Baitulmali. Mgeni wake alipomaliza habari za umma na kuanza kumjulia hali yeye na jamaa zake, Khalifa aliizima taa ile, akaagiza iletwe ya kwake mwenyewe.

Ndugu msomaji, kisa hiki kilinijia Ijumaa moja hapa Tangini, Kibaha, nilipopita katika ofisi moja baada ya Swala ya Alasiri kufuata karatasi yangu. Wenyewe walikwisha ondoka. Kompyuta zilikuwa zinawaka, samaki wa rangi wakielea katika skrini zake, na kiyoyozi kikivipuliza viti vitupu. Mlinzi aliniambia kuwa huwa hivyo hadi Jumatatu.

Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, ikila wati 80 tu, kuanzia saa 9:30 alasiri ya Ijumaa hadi saa 1:30 asubuhi ya Jumatatu, ni saa 64. Hutumia uniti 5 na ushei. Mashine 20 ni uniti 102. Mteja mdogo wa TANESCO, yule wa nafuu ya bei, amewekewa uniti 75 kwa mwezi mzima! Na hapo kiyoyozi sijakitia hesabuni, nacho ndicho mlaji mkubwa kuliko wote.

Wapo watakaosema shida ya umeme imekwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2006 ukame ulikausha Mtera tukaingia gizani, na mwaka 2023 mgawo ukarudi. Kisha Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililo Rufiji katika mkoa wetu huu wa Pwani, likaanza kuzalisha, na mitambo yake 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Lakini wingi wa kitu haukuwa kamwe ruhusa ya kukifuja. Mtume (s.a.w.) amepokewa akikataza israfu ya maji ya udhu hata kwa aliye kando ya mto unaotiririka. Sanadi ya hadithi hiyo ina udhaifu kwa wanazuoni, ila maana yake inashuhudiwa na aya ya 31 ya Suratul-A'raf.

Tena anayeizima mashine ya ofisi hailipii yeye. Hapo ndipo penye mtihani, kwani nyumbani uniti za Luku zikipungua kila mtu hukimbilia swichi.

Wengi hudhani picha zinazocheza katika skrini huokoa umeme. Haziokoi, skrini hubaki inawaka. Kinachofaa ni kuipangia kompyuta isinzie baada ya dakika chache, na jioni kuizima kabisa, kisha swichi ya ukutani. Mashine ya fotokopi na printa ya leza hutumia umeme mwingi kupasha joto sehemu inayogandisha wino, basi kazi zikusanywe zichapwe kwa mkupuo mmoja. Anayenunua upya atazame kompyuta ya mkononi, ambayo hula kidogo zaidi. Friji la chanjo la zahanati halimo katika maneno haya.

Wala tusijitoe sisi wa misikitini. Adhuhuri hiyohiyo, baada ya salamu, feni zetu 6 ziliendelea kuzunguka juu ya mikeka mitupu, nami nilikuwa wa mwisho kutoka.