Jina, Zamu na Kitambulisho: Istilahi za Diski katika Seva ya Hifadhi

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mfasiri wa maandishi ya kompyuta ni neno moja kubeba dhana mbili au tatu ambazo katika matumizi ziko mbali mbali. Mfano mmojawapo ni neno "jina" linapotumiwa kwa diski za seva ya hifadhi, yaani ile kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo yenye diski kadhaa, inayotunza picha, barua na kumbukumbu za watu wengi pamoja. Kosa la istilahi hapa laweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Tuchukue mfumo endeshi wa Linux, unaotumika katika seva nyingi za namna hii. Seva inapowashwa, kiini cha mfumo huzitafuta diski na kuzipa majina kadiri zinavyogunduliwa: ya kwanza huitwa sda, ya pili sdb, ya tatu sdc, na kuendelea. Herufi sd zilitokana na SCSI, aina ya kiunganishi cha diski, ingawa leo hutumika hata kwa diski za SATA na USB. Majina hayo hayaandikwi ndani ya diski. Hutolewa upya kila seva inapowashwa, wala hapana dhamana kwamba utaratibu wa jana utakuwa wa leo. Diski mpya ikiongezwa, diski ya USB ikiachwa imechomekwa, au diski moja ikichelewa kuitika, sdb ya jana yaweza kuwa sdc ya leo.

Msomaji wa Kiswahili aweza kupotoshwa na mazoea yake mwenyewe. Kwetu mtoto aliyezaliwa wa pili huweza kuitwa Pili, naye hubaki Pili maisha yake yote, hata akifiwa na mkubwa wake. Jina sdb si la namna hiyo. Lafanana zaidi na nafasi ya mgonjwa katika foleni ya hospitali: leo yeye ni wa pili, kesho ni wa tano, na daktari anayeandika dawa kwa kufuata nafasi hiyo atamtibu mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo twapendekeza dhana tatu zitengwe:

(a) Jina la zamu: sda, sdb na mengineyo. Hudumu hadi seva izimwe au diski ichomolewe.

(b) Namba ya kiwandani: namba aliyoitoa mtengenezaji, ambayo kwa kawaida huchapwa juu ya diski. Haibadiliki diski ikihamishwa tundu wala data yake ikifutwa.

(c) Kitambulisho cha hifadhi: kile kifupishwacho UUID. Hiki ni namba ya biti 128, iandikwayo kwa tarakimu na herufi 32 katika mafungu matano, na huwekwa ndani ya diski hifadhi inapoundwa. Hifadhi ikiundwa upya, kitambulisho hubadilika. Diski ikinakiliwa nzima, diski mbili huwa na kitambulisho kimoja, jambo linaloleta mkanganyiko mwingine.

Tuone sasa namna hitilafu inavyojitokeza. Faili iitwayo fstab huieleza seva ni hifadhi ipi ifunguliwe katika folda ipi. Ikiwa humo imeandikwa /dev/sdb1 kwa folda ya picha, na majina yakabadilika, folda hiyo itaonyesha vitu vya diski nyingine, au haitafunguka kabisa. Mwenye seva akidhani picha zimepotea, huenda akaharakisha kuunda hifadhi upya, na hapo ndipo hupotea kweli. Dawa yake ni kutuliza mkono kwanza. Amri ya lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,UUID huonyesha jina la zamu, ukubwa, namba ya kiwandani na kitambulisho cha kila diski. Kisha katika fstab jina la zamu huondolewa, na mahali pake huandikwa UUID= pamoja na kitambulisho husika.

Hatari ni kubwa zaidi diski inapoharibika katika kundi la RAID 5, ambalo huweza kustahimili kupotea kwa diski moja tu. Tuseme seva imetoa taarifa kuwa sdc ni mbovu, na mfasiri wa mwongozo ameandika "ondoa diski ya tatu". Fundi atahesabu matundu, atang'oa ya tatu iliyo nzima, na kundi zima litasimama. Tafsiri salama ni hii: "Tafuta namba ya kiwandani ya diski ambayo sasa ina jina la zamu sdc, kisha ondoa diski yenye namba hiyo." Sentensi hii ni ndefu, lakini urefu wake ndio kinga yake. Ni vema pia kila namba ya kiwandani ibandikwe mbele ya tundu lake siku seva inapofungwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba "diski ya pili" si tafsiri ya sdb, na neno "jina" likiachwa peke yake halitoshi. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi tatu wanakaribishwa kuzileta, mradi zitenganishe kilicho cha zamu na kilicho cha kudumu.