Kadi ya Daladala: Mwaliko wa Bethdei ya Mtoto kwa Pesa Ndogo

Wazazi wenzangu, mtoto akikaribia kutimiza miaka 3 huku ughaibuni, swali gumu si keki wala maputo. Swali ni nani atakuja. Nyumbani hatukuwahi kuliwaza. Ukipika pilau na kufungulia muziki, watoto wa mtaa mzima wanajaa wenyewe, na wengine mpaka wanaondoka hujui ni wa nani. Hapa Uingereza rafiki mkubwa wa mwanao ni mtoto wa nasari, na mama yake mnapishana mlangoni asubuhi, wewe macho mekundu ukitoka zamu ya usiku, yeye akikimbilia treni. Namba yake ya simu huna, na nasari hawawezi kukupa. Inabaki bahasha yenye jina la mtoto, ambayo mlezi wake pale nasari ataikabidhi jioni anapokuja kuchukuliwa.

Kwa hiyo kadi ndiyo inayokubishia hodi kwa watu ambao bado hawakujui. Wapo wanaosema siku hizi picha ya WhatsApp inatosha. Kwa mashangazi na mashoga zako inatosha sana. Kwa mzazi ambaye huna namba yake, huna njia nyingine zaidi ya karatasi. Lakini hakuna sababu karatasi hiyo ile mshahara wako. Kadi za kuchapishiwa jina la mtoto nilizoziona mtandaoni zilikaribia pauni moja na nusu kila moja, na hapo bado gharama ya kuletewa. Mwaka huu nilitengeneza kadi 16 kwa pauni 6 na ushei, bahasha zikiwemo, kwa jioni mbili pale mezani baada ya mtoto kula.

Kwa nini daladala

Ukichagua katuni maarufu kuwa mada ya sherehe, kila kitu chenye sura ile kina bei yake, kuanzia sahani hadi leso za karatasi. Basi halina mwenyewe. Tena watoto wa miaka miwili, mitatu, wanapenda chochote chenye magurudumu. Mzazi Mwingereza akiona kadi ataona basi, na mwanawe atafurahi. Mtanzania mwenzio ataona daladala na atacheka kabla hajaifungua. Daladala za Dar es Salaam tulizozizoea ni nyeupe zenye mkanda wa rangi unaoonyesha njia, na hilo ni neema kwa mtengeneza kadi: karatasi nyeupe unayo, kazi ni mkanda tu. Mganda ataweka miraba ya bluu kama taksi za Kampala. Mkenya ataitengeneza matatu, na hapo ajipange mwenyewe, maana matatu ya Nairobi haikubali rangi mbili.

Kazi yenyewe

Nunua manila nyeupe ya A4 yenye uzito wa gramu 200 au karibu na hapo. Nyembamba zaidi inalegea, na nzito sana printa nyingi za nyumbani zinaikataa. Kata kila karatasi katikati upate A5 mbili, kisha kunja kila A5 katikati. Umepata kadi ya A6, sentimita 14.8 kwa 10.5, inayoingia kwenye bahasha ya C6 bila kulazimishwa. Karatasi 8 ni kadi 16. Mbili tatu ziwe za akiba, kwa sababu mtoto anayesaidia ataharibu. Mkunjo uwe upande wa juu, ndio paa la daladala. Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kalamu iliyokwisha wino kwenye mstari wa mkunjo, ukikandamiza kidogo. Mkunjo utatoka umenyooka kama wa kiwandani.

Walioko Marekani, karatasi yenu si A4. Nusu ya karatasi ya inchi 8.5 kwa 11, ikikunjwa, inakuwa inchi 4.25 kwa 5.5, na bahasha yake dukani inaitwa A2. Msivutwe na kadi za mraba hata zikipendeza, kwani posta ya huko inatoza zaidi kwa bahasha ya mraba.

Mkanda wa rangi niliutoa kwenye kitenge, ila sikukata kitenge. Kitambaa kinafumuka nyuzi, kinakunywa gundi, na mwisho umepoteza doti nzuri. Kitandaze karibu na dirisha mchana, kipige picha kwa simu, uchapishe ukurasa mmoja kwenye karatasi ya kawaida na ukate vipande vya sentimita 2 kwa upana. Ukurasa mmoja wa A4 unatoa mikanda 20 inayotosha upana wa kadi. Kwa wale wanaokumbuka kutengeneza tiara kwa gundi ya uji wa ngano: ni rahisi kweli, lakini ina maji mengi na manila itajikunja kama dagaa juani. Gundi ya kijiti haina shida hiyo.

Madirisha ni vipande vitatu vya karatasi ya bluu. Dirisha la mbele gandika picha ndogo ya uso wa mtoto, huyo ndiye dereva wa siku. Juu yake ubao wa njia. Wangu uliandikwa NYUMBANI – KEKI.

Magurudumu mwachie mtoto. Kata kiazi ulaya katikati, futa majimaji kwa karatasi ya jikoni, kichovye kwenye rangi nyeusi ya maji ya watoto iliyotandazwa nyembamba kwenye sahani, kisha apige muhuri mara mbili chini ya kadi. Chagua kiazi kidogo, kipenyo cha kama sentimita 3. Kadi 16 ni mihuri 32, na mtoto wa umri huu atachoka kwenye kumi. Usimlazimishe. Malizieni kesho yake kwa kiazi kipya. Magurudumu yatakuwa yamepinda, moja kubwa moja dogo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mzazi aliyepokea kadi aliniambia ameipenda.

Nivae sare kidogo

Sasa niruhusuni niseme kama nesi. Kadi hii inakwenda kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, na atakayeifungua ni yeye. Ataiweka mdomoni. Kwa hiyo acheni shanga, vifungo, macho ya plastiki ya kubandika, na pini za stepla. Kipimo kinachotumika kwa vitu vya watoto chini ya miaka 3 ni kikopo chenye upana wa milimita 31.7, kitu kinachozama chote humo kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Nyumbani tumia kiini cha karatasi ya choo, ambacho ni kipana zaidi kidogo, na hivyo utakuwa mwangalifu zaidi ya kipimo. Puto lisilopulizwa ndani ya bahasha naliona kila mwaka kwenye mapendekezo ya mitandaoni, na kila mwaka nashtuka. Mpira ule ukiingia kooni unaziba vizuri kuliko kizibo.

Kibaya kuliko vyote ni kadi za dukani zinazoimba zikifunguliwa. Ndani mna betri bapa, ndogo kama kitufe. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye njia ya chakula, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2 tu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri ya namna hiyo, usingoje dalili. Nenda idara ya dharura saa ile ile. Sisi daladala yetu haiimbi, konda ni mama mwenyewe.

Jambo jingine linalotokana na kazi yangu. Hospitali tunamtambua mgonjwa kwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Kadi nyingi za bethdei zina vyote vitatu, na picha juu, kisha zinarushwa kwenye makundi ya simu. Andika jina la kwanza na “anatimiza miaka 3”. Ubini na mwaka wa kuzaliwa havimhusu mgeni.

Maneno ya ndani

Hapa ndipo wengi tunapoteza wageni, hata kadi ikiwa nzuri. Mzazi wa hapa anataka kujua mambo ambayo kwetu kuyauliza ni utovu wa adabu: inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, mzazi anakaa au anamwacha mtoto, mdogo wake aje au asije, na kuna chakula gani. Asipoyaona kwenye kadi hatapiga simu kuuliza. Atakaa kimya, na wewe utadhani amekudharau.

Ya kwangu, upande wa Kiswahili, ilisomeka hivi:

Abiria: ………
Daladala ya Naima inatimiza miaka 3!
Kupanda: Jumamosi, saa nne asubuhi (10:00)
Kushuka: saa sita mchana (12:00)
Kituo: ukumbi wa jumuiya, mlango wa nyuma
Nauli: hakuna. Wazazi na wadogo zake mna siti zenu.
Tujulishe kabla ya Jumamosi ya wiki inayotangulia, pamoja na chakula kinachomdhuru mtoto.

Saa iandikwe kwa maneno, na pembeni tarakimu za saa 24. Ukiandika “saa 4” peke yake, mama Mswahili atakuja asubuhi, na mumewe aliyekulia London atamleta mtoto saa kumi jioni ukumbi umeshafungwa. Na muda wa kuisha si ukali. Saa mbili zinatosha kabisa kwa umri huu, na asubuhi ni bora kuliko mchana, kwani wengi bado wanalala baada ya chakula. Marafiki wa Muscat wenyewe mnajua wikendi yenu ni Ijumaa na Jumamosi. Mwekeni Jumamosi msigongane na swala ya Ijumaa.

Mstari wa chakula usiufute hata nafasi ikibana. Sheria ya Uingereza inataja vyakula 14 vinavyoweza kuleta mzio ambavyo wauzaji lazima wavitaje, na humo mna karanga, korosho, maziwa, mayai, ngano na ufuta. Hesabu sasa meza yetu: kashata, visheti, keki, korosho za kutafuna, mkate wa ufuta. Mzazi mwenye mtoto wa mzio akiona umeuliza, anapumua. Wapo ambao hawapeleki watoto wao popote kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Jina la mtoto kama ni gumu kwa wenyeji, andika chini kwa herufi ndogo linavyotamkwa. Mama mmoja alinieleza kwamba miezi sita alikwepa kunisalimia kwa kuogopa kulikosea jina la binti yangu.

Kadi zitoke wiki tatu kabla. Kama hualiki kundi lote la nasari, mpe mlezi bahasha kimyakimya, usigawe mlangoni mbele ya watoto wengine. Kwa familia za Waswahili, toa kadi halafu piga simu. Kadi peke yake kwa mtu wa kwenu inaonekana kama umemweka mbali, na simu ndiyo itakayokupa idadi, maana “Inshallah tutajitahidi” haihesabiki kwenye viti. Uliza tena, kwa upole: “Dada, niwawekee siti ngapi?”

Kuna abiria mmoja ambaye hatapanda, naye apate kadi yake. Bibi yuko Tanga. Tumia sanduku la posta, lake au la shule au msikiti ulio karibu naye, na uiweke posta wiki tano au sita mapema. Kadi bapa isiyozidi unene wa milimita 5 inahesabiwa barua ya kawaida hapa, hiyo faida nyingine ya kuacha mapambo. Kwenye ya bibi badilisha saa ya kupanda. Tanga iko mbele ya Uingereza kwa saa 2 majira ya joto, na saa 3 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Sherehe ya Juni inayoanza saa nne asubuhi kwetu, kwake ni saa sita mchana; kwa shangazi aliye Muscat ni saa saba. Mwandikie hivyo: “Bibi, kupanda ni saa sita mchana, kwa simu ya video.” Na pesa ya bando mtumie siku moja kabla.