Kishona nguo: adui wa shamba, mboga ya sufuria

Masika yakishakolea, ni nadra mtu kukatiza shamba akatoka mikono mitupu. Unafika msikitini, unatazama pindo la kanzu, unakuta vijiti vyeusi vyembamba vimeganda kama vimeshonwa. Ndiyo maana wazee wakauita mmea huu kishona nguo. Wengi wetu tunaujua kwa kero hiyo tu. Leo nataka tuujue zaidi, kwani namna tunavyoupiga vita siku hizi inanitia wasiwasi.

Kishona nguo ni jamaa wa alizeti na wa mchunga wetu. Ni mmea wa msimu: huota, huchanua, huzaa na kufa ndani ya mwaka mmoja. Ukilichungua ua lake utaona kuwa si ua moja, bali ni vijiua vingi vya manjano vilivyosongamana, mara nyingi vikizungukwa na petali chache nyeupe. Asili yake ni Amerika, ingawa leo umeenea karibu kila nchi yenye joto. Mswidi Carl Linnaeus alipouandika mwaka 1753 aliupa jina la Bidens pilosa. Bidens kwa Kilatini ni "meno mawili".

Meno hayo ndiyo siri yake. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu kichwani, na kila mwiba una vijino vilivyoelekea nyuma, mfano wa ndoana. Vikishanasa kwenye kitambaa au manyoya ya mbuzi havitoki kwa urahisi. Kwa hivyo wasafirishaji wake ni sisi wenyewe na mifugo yetu, tena bila nauli. Mche mmoja waweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000. Nyingi huota siku chache tu baada ya kupata maji, na nyengine hukaa ardhini miaka kadhaa zikiwa hai. Mkulima wa mahindi au kunde akizembea msimu mmoja, atapalilia misimu mingi.

Upande wa pili ni sufuria. Majani machanga, kabla mmea haujachanua, ni mboga inayoliwa sehemu nyingi za Afrika. Yana uchungu, lakini aliyezoea mchunga hatashtuka. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha huchanganywa na mchicha au majani ya kunde na kutiwa tui la nazi. Nyumba ambayo mboga ya sokoni imeishinda bei hupata kitoweo bila kutoa senti.

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Naona vijana wakipita na bomba mgongoni wakipuliza dawa ya magugu kwenye mipaka ya mashamba, na kesho yake kina mama wanapita mipaka ile ile wakichuma mboga. Jani lililopulizwa jana halinyauki papo hapo. Laweza kuonekana zima kabisa. Isitoshe, dawa haimalizi kila kitu. Huko Brazili, tangu mwaka 1993, iliripotiwa kwamba kishona nguo katika mashamba ya soya kimekuwa sugu kwa baadhi ya dawa.

Kuna pia suala la tiba. Bibi zetu walisugua majani haya kwenye kidonda, na watafiti wameyapima wakaona yana viambato vinavyoua baadhi ya vijidudu. Lakini sehemu kubwa ya uchunguzi huo ni wa maabara na wa panya. Mwenye sukari au presha asiache dawa zake za hospitali kwa sababu ya chai ya majani.

Ushauri wangu ni huu, ndugu msomaji. Kipalilie kishona nguo kabla hakijachanua. Wakati huo ndio kinalika, na bado hakijazaa. Kilichokwisha kuzaa king'oe, ukichome mbali na shamba. Mbegu ulizobandua kwenye kanzu usizitupe uani, zitie motoni. Usichume kandokando ya barabara, penye maji machafu, wala penye shamba la mtu usiyejua amepuliza nini. Nawe uliyepuliza, waambie majirani siku hiyo hiyo, au weka alama wanayoielewa. Kumwambia jirani hakugharimu chochote, na chakula cha wanawe kinategemea neno lako.