Draya Hufa kwa Kukosa Pumzi

Wahunzi wa Kagera waliujua upepo. Huko Katuruka, upande wa Bukoba, chuma kilikuwa kikiyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba katika tanuri za Wahaya mabomba ya udongo ya mivukuto yaliingizwa ndani kabisa ya moto, hata hewa ikapata joto kabla ya kukutana na makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya joto hilo lilifika wapi, lakini kwamba upepo ndio uliokuwa roho ya kazi, hilo halina ubishi.

  

Siku hizi upepo wa moto unapatikana saluni, na hata nyumbani, kwenye draya ya nywele ya mkononi. Ila humo upepo una kazi iliyo kinyume na ile ya tanuri. Kwa mhunzi, upepo huchochea moto. Kwenye draya, upepo huunyang'anya waya joto kabla waya haujajichoma. Anayelishika hilo ameshaelewa nusu ya ufundi wa draya, kwa kuwa draya nyingi zinazoletwa kwa fundi zimeharibiwa na hewa iliyozibwa.

Draya ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takribani ampea 6.5. Karibu nguvu hiyo yote huishia kwenye waya mwembamba wa nikeli na kromiamu, mchanganyiko alioubuni Mmarekani Albert Marsh mwanzoni mwa karne ya 20. Waya huo huzungushwa kuwa koili juu ya vibao vya maika vilivyopishana kama msalaba. Maika haipitishi umeme na huvumilia joto kali. Nyuma yake kuna feni inayozungushwa na mota ndogo. Karibu na koili hukaa walinzi wawili: swichi ya joto, ambayo hukata umeme ikipata moto na kuurudisha ikipoa, na fyuzi ya joto, ambayo ikikata hairudi tena.

Sasa fikiria wavu wa nyuma umejaa nywele, vumbi na mafuta ya nywele. Hewa inapungua, koili inaiva, swichi inakata na kurudisha, inakata na kurudisha. Mwenye draya anaona "inazimika yenyewe halafu inawaka", naye anaendelea kuitumia. Siku moja fyuzi inakata, kimya. Kusugua wavu huo kwa mswaki mkavu mara kwa mara, draya ikiwa imechomolewa, kungeokoa draya nyingi.

Ikishakufa, uchunguzi uanzie nje. Fyuzi ya ndani ya plagi ndiyo rahisi kuliko zote, na mara nyingine ndiyo yenye kosa. Inayofuata ni waya pale unapoingia kwenye mpini, mahali unapokunjwa kila siku. Draya inayowaka mtu akiukunja waya na kuzima akiuachia imekwisha kujieleza.

Kabla ya bisibisi kugusa chochote, plagi itoke kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Mota hutumia volti chache tu, na hili huwaponza wengi, kwani haijatengwa na umeme wa ukutani: anayeigusa draya ikiwa imechomekwa anagusa volti 230. Skrubu nyingine hujificha chini ya lebo au ndani ya pete ya kuning'inizia, na ganda lina vishikizo vinavyovunjika kwa pupa. Picha ya simu kabla ya kutoa waya wowote itasaidia sana wakati wa kurudisha.

Ndani, nywele zilizojisokota kwenye mhimili wa feni hutolewa kwa kibano. Kisha mita iwekwe kwenye omu. Koili nzima ya draya ya wati 1,500 husoma karibu omu 35. Mita isipoonyesha kitu, kuna mahali pamekatika, na fyuzi ya joto ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Hapa ndipo kosa baya hufanyika. Fundi asiye na fyuzi mkononi huunga waya moja kwa moja, mteja hulipa na kufurahi. Draya hiyo sasa haina mlinzi wa mwisho: feni ikigoma, plastiki itayeyuka mkononi mwa mtu, pengine kando ya kichwa cha mtoto. Hiyo si huduma, ni hatari iliyouzwa. Fyuzi mpya lazima iwe na joto na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ibanwe kwa kiunganishi cha chuma na koleo, isichomelewe kwa solda, maana joto la solda linaweza kuiua kabla haijafanya kazi, na solda yenyewe hulegea karibu na koili.

Kuna draya ambazo hazifai kuhangaikiwa. Iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani, ya volti 120 tu, ikichomekwa kwenye soketi ya Tanzania huvuta nguvu karibu mara 3.7 ya iliyokusudiwa. Ikishaungua, koili na mota huwa zimekwenda pamoja. Iliyotumbukia majini au yenye ganda lililopasuka nayo ikae kando.

Iliyorekebishwa hujaribiwa kwa upepo baridi kwanza, kisha moto mdogo. Koili iking'aa nyekundu upande mmoja, ichomolewe mara moja na kufunguliwa tena: kuna sehemu upepo haufiki.