Kujitolea kwa Uchunguzi wa Moyo na wa Jamaa: Neno kwa Mapadri na Makatekista

Siku hizi katika mashariki ya Kongo hufika wachunguzi wa psikolojia, ndiyo elimu ya akili na moyo wa mtu. Wanatafuta watu wa kujitolea: waulizwe juu ya hofu, huzuni, ugomvi wa mume na mke, na malezi ya watoto; tena pengine wajaribu namna mpya ya kuponya jamaa yenye matata. Huku kwetu Kalemie majonzi si haba. Miaka ya 2016 na 2017 vita ya Watwa na Waluba iliwafukuza watu wengi vijijini, wakakimbilia mji huu. Mchunguzi mgeni huona upesi ya kuwa katekista anazijua jamaa nyingi na anasikilizwa nazo. Basi hubisha kwake kwanza. Tumjibu namna gani?

Tusimfukuze bure. Mwaka wa 2013 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini na shirika la International Rescue Committee pamoja na Universite ya Johns Hopkins ya Marekani. Walijitolea wanawake 405 waliopatwa na jeuri ya kunajisiwa, ama walioiona kwa macho. Katika vijiji 7 walikusanyika kwa vikundi, wakafundishwa kuyapima upya mawazo yaliyowatesa. Katika vijiji 8 walipata msaada wa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya matunzo kwisha, dalili za huzuni kubwa au za wasiwasi zilibaki kwa wanawake 9 katika 100 wa vikundi, na kwa 42 katika 100 wa wale wengine. Na waliowaongoza hawakuwa waganga wakubwa, bali wasaidizi wa hapo hapo. Bila wanawake wale kujitolea, nani angejua?

Lakini tuangalie neno moja: vijiji viligawanywa kwa kura. Ndiyo desturi ya uchunguzi wa namna hii. Anayejitolea haendi kama mgonjwa aendaye kupata dawa. Labda kura itamweka upande usio na matunzo mapya. Zawadi yake inawaelekea kwanza wengine. Asipoelezwa hivi, hakujitolea, amedanganywa.

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Mwaka wa 1952 Papa Pio XII aliwaambia waganga kwamba mganga hana mamlaka juu ya mgonjwa ila ile aliyopewa naye. Na mgonjwa mwenyewe si bwana wa mwili na roho yake pasipo mpaka. Mwaka wa 1958 akawaambia wenye psikolojia ya kuwa mambo ya ndani ya mtu ni yake, hayafunguliwi bila yeye kukubali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inadai vilevile ukubali wa mtu aliyekwisha kuelezwa.

Basi hatari iko wapi kwetu? Iko katika heshima yetu wenyewe. Mama anayengoja mtoto wake abatizwe, au anayepokea unga wa Karitas, akiitwa na katekista, atathubutu kusema hapana? Atatia kidole kwenye karatasi, na moyo wake umekataa. Kwa hiyo tushike mambo haya.

Kwanza, tutangaze habari, tusiandike majina. Anayetaka aende mwenyewe.

Pili, mume asijibu kwa ajili ya mke. Jamaa ikiulizwa, kila mtu apate kusema peke yake, mahali pasiposikika. Maneno ya mke yakirudi kwa mume mkali, fimbo itafuata usiku. Mtoto naye: wazazi waruhusu, na mwenyewe akubali.

Tatu, mchunguzi atuonyeshe ruhusa ya kamati ya maadili. Aseme nani atayaweka majina, na mtu akilemewa kwa kukumbuka mabaya atapelekwa kwa nani. Tena atamke wazi kwamba kila mtu anaweza kuacha siku yoyote, bila kunyimwa msaada.

Nne, faranga za safari na za siku ya kazi iliyopotea ni haki. Zikizidi sana, zinanunua siri za maskini.

Tano, padri asimwonyeshe mchunguzi mtu hata mmoja kwa yale aliyoyajua katika maungamo. Sheria ya Kanisa, kanuni 983 na 984, inakataza kabisa. Katekista naye aliyesikia siri za nyumba azifunge kinywani.

Labda mtu atasema: “Tukifanya hivi, watajitolea wachache tu.” Huenda. Lakini uchunguzi hujengwa juu ya majibu ya kweli, na mtu aliyelazimishwa hujibu yale yanayompendeza mkubwa wake. Wachache walio huru wanafaa kuliko wengi wenye woga. Na yule anayekataa, tusimwulize sababu. Jumapili apokelewe sawa na jirani yake aliyekubali.